Maswali na majibu: presha "nzuri" ya mzazi inapodanganya

Mama mwenye presha ya mimba amejifungua, sasa ana 120/80. Leso zimelowa damu, lakini mwenzangu asema yuko sawa. (Muuguzi, Faza)

Aliingia leba na ngapi? Hukuandika, na jibu lote limo humo. Kama alikuwa 160/110, basi hiyo 120/80 imeshuka 40 na mama anavuja damu. Mwenye presha ya mimba maji ya damu yake yalipungua mapema, kwa hivyo hana akiba ya mzazi mwingine, na hemoglobini, kipimo cha wekundu wa damu, yaweza kusoma juu ikakutuliza bure. Kugawa mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya presha nako kunadanganya: 110 kwa 150 ni 0.73, chini ya 0.9 tunayoiogopa. Akiwa amepewa labetaloli, dawa ya kushusha presha, hata mapigo hayatakimbia. Mlinganishe na namba zake mwenyewe, na upime damu anayopoteza.

Nitakisiaje damu kwa macho? (Mokowe)

Tena! Usikisie. Macho hupunguza, hasa damu ikiwa nyingi. Mtoto akishatoka, tandika chini ya makalio shuka ya plastiki yenye kifuko cha alama. Mapema zaidi, maji ya chupa yatachanganyika. Huna? Pima leso na pedi zikiwa kavu, kisha zilizolowa. Kavu gramu 600, mbichi 1,150: amepoteza kama mililita 550. Mabonge ya damu yatie mizanini pia. Ikifika 500 anza matibabu; ikifika 300 na dalili mbaya, anza vilevile. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, Kenya ikiwemo, ulionyesha kupima na kutibu kwa pamoja kunapunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Mizani ya jikoni yatosha, jamani.

Ergometrini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, yafaa? (Malindi)

La. Hupandisha presha.

Basi tumpe nini, na dripu kiasi gani? (Malindi)

Oksitosini, nayo hukaza mfuko wa uzazi, iliyokaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, si ile iliyolala dirishani. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, gramu 1 mshipani, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Dripu itoe kwa kipimo huku ukisikiliza mapafu. Ya mwenye presha hujaa maji upesi.

Tuko Kizingitini, kisiwani Pate, na maji yamekupwa. Tungoje? (Mkunga)

Simu ya boti ipigwe sasa. Mkanda, mlango wa bahari wa kuelekea Lamu, haupitiki kila saa. Mkingoja boti, sugua mfuko wa uzazi, toa mkojo, andika presha, mapigo na damu kila dakika 15. Magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, isikatwe safarini: kifafa huja hata baada ya kujifungua.