Uhalifu wa mazingira: anza na madhara, mafaili yatafuata

Wanafunzi wanaoniomba ushauri kuhusu utafiti wa uhalifu wa mazingira huja na swali walilokwisha kuliandaa: ni kifungu gani cha sheria kilichovunjwa, na ni wangapi waliofungwa. Siwalaumu, kwa maana nami nilianza hivyo hivyo, na nikapoteza karibu miezi miwili.

Mada yangu ilikuwa uvuvi wa baruti katika pwani ya Tanga. Kwa kuwa Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inaukataza waziwazi, nilidhani kazi yangu itakuwa kuhesabu mafaili ya kesi. Katika mahakama niliyoanzia mafaili yalikuwa machache, na baadhi yaliishia njiani kwa kuwa shahidi hakutokea. Ningeishia hapo, ningeandika kwamba tatizo ni dogo.

Aliyeninusuru ni bibi mmoja aliyekuwa akikaanga samaki dikoni. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye akatoa vibua wawili kwenye beseni. "Huyu kavuliwa kwa nyavu, mwanangu, na huyu kapigwa baruti," alisema, kisha akampasua yule wa pili. Kwa nje matamvua yalikuwa mekundu na ngozi inang'aa, lakini ndani uti wa mgongo ulikuwa umekatika, mbavu zimeachana na nyama, na damu imevilia tumboni. Akaniambia kwamba samaki wa namna hiyo humumunyuka kwenye mafuta, ndiyo maana yeye humjua kabla hajamnunua. Tangu siku ile niliacha kuhesabu kesi, nikawa nahesabu samaki.

Wataalamu wana jina la mtazamo huu wa kuanza na madhara: kriminolojia ya kijani, yaani elimu ya uhalifu inayoangalia mazingira, jina lililotumiwa na Michael Lynch wa Marekani mwaka 1990. Binafsi silipendi sana, kwa kuwa linasikika kama kaulimbiu ya siku ya kupanda miti, lakini hoja iliyomo ni nzito: mtafiti achunguze nani ameumia na kwa mkono wa nani, hata pale ambapo aliyeumiza alikuwa na kibali mfukoni.

Anayedhani kwamba hilo ni suala la nadharia tu na asome habari za Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, Kenya, uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Kiwanda hicho hakikujificha msituni. Kilifanya kazi mchana kweupe kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014, huku risasi ikiingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa hapo, alianza harakati baada ya mwanawe mchanga kukutwa na sumu hiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Angalia miaka hiyo: mtafiti aliyesubiri hukumu ndipo aite jambo hilo uhalifu angekuwa amechelewa sana, na watoto wale wamekwisha kukua.

Jambo jingine, ufuate mnyororo kwenda juu. Anayekamatwa mara nyingi ni kijana aliye kwenye ngalawa, lakini baruti haichimbwi baharini; hutumika kwenye machimbo na ujenzi wa barabara, na huko kuna ghala, kuna daftari la kutolea mali, na kuna mwenye funguo.

Mwisho ni suala la majina, ambalo nilijifunza kwa hofu. Nilikuwa nimeyaandika yote kama nilivyotajiwa, pamoja na ya vijiji, hadi ofisa mmoja aliyesikia habari zangu akaniomba daftari "aliangalie tu". Kwa bahati siku hiyo nilikuwa nimeliacha gesti. Usiku ule nilibadilisha kila jina kuwa namba, nikazichoma kurasa za awali kwenye jiko la mkaa la mwenye nyumba, na yule ofisa aliporudi asubuhi nikampa daftari alisome.