Kabla Hujanunua Pampu Nyingine ya Ngama

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia kwamba pampu ya kutoa maji katika ngama ya boti yake, yaani kule chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, haizunguki, na kwamba muuza vipuri amekwisha kumtengea mpya. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu mimi nilinunua mbili.

Ilikuwa msimu wa kusi, nikiwa na boti ya faiba Nungwi. Pampu ya volti 12 ilikata tukiwa nje ya mwamba, maji yakapanda hadi kwenye mbao za sakafu, tukayafua kwa ndoo mpaka pwani. Pampu mpya ilizunguka siku nne, nayo ikanyamaza. Fundi niliyemwita alizifungua nyaya, akapima, akaona volti 12.6, akatamka mbele ya mabaharia wangu kwamba umeme upo na kwamba nimeuziwa pampu mbovu. Nikanunua ya pili, nayo haikuzunguka hata mara moja.

Jambo hili linanichoma hadi leo, maana kipimo chake kilikuwa sahihi ila alipima nyaya zikiwa zimetengwa na pampu. Waya ulioliwa na chumvi hadi ukabakiwa na uzi mmoja huonyesha volti zote wakati hakuna kinachovuta umeme, lakini mara tu pampu inapoanza kuvuta, volti huporomoka. Nilipopima mwenyewe pampu ikiwa imeungwa na swichi imewashwa, nilipata volti 3 tu, na waya mweusi wa hasi, uliokuwa umelala majini, ulipochunwa ganda ulitoa unga wa kijani.

Basi, ndugu yangu, kwanza liinue kwa mkono boya la swichi, lile linaloelea na kuiwasha pampu maji yanapopanda. Pampu ikizunguka, boya limekwamishwa na taka. Tazama fyuzi, wala usiweke kubwa zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye pampu. Kisha iunge pampu moja kwa moja na betri kwa nyaya nyingine: ikizunguka, ubovu uko kwenye njia ya umeme, si kwenye pampu; ikivuma bila kuzunguka, fungua chujio uondoe mshipi na magamba kwenye pangaboi. Na upime pampu ikiwa imeungwa, narudia, ikiwa imeungwa! Wenye boti tu wepesi wa kutoa pesa kuliko kuinama ngamani.

Pampu yangu ya awali, niliyoitupa stoo nikiamini imekufa, ndiyo inayotoa maji leo. Zile mbili zimo katika katoni, na msomaji wa Tanga akitaka moja nitamuuzia nusu bei, ila apime kwanza.