Binti yangu alipokuwa mdomo wangu

SWALI

Tantine, jambo. Mimi ni mama wa miaka 33, ninaishi Kadutu, hapa Bukavu, na ninauza unga sokoni Nyawera. Bwana yangu alipitia kambi moja ya Uganda, na mwaka 2022 akapata visa ya ukimbizi ya Australia. Sasa yuko mji unaoitwa Shepparton, anachuma matunda. Ametuombea tumfuate: mimi, binti wa miaka 8 na kijana wa miaka 4. Lakini nyumbani nina mtoto wa tatu, wa marehemu dada yangu. Ana miaka 11 na nimemlea tangu akiwa na miezi saba. Bwana yangu hakumwandika kwenye fomu. Shemeji anasema nimtafutie cheti kinachoonyesha kwamba nimemzaa mimi. Tena kuna kijana mmoja hapa anataka dola 800 ili "aisukume" faili. Nifanye nini? Na watoto watazoea? Nimesikia kule ukimpiga mtoto kofi serikali inamchukua. Halafu nibebe nini?

Mama wa Watatu, Kadutu

JIBU

Mama wa Watatu, jina uliloweka chini ya barua limeshajibu nusu ya swali. Una watoto watatu. Bwana yako ameandika wawili. Hilo ndilo la kurekebisha kabla ya kufunga hata sanduku moja.

Cheti cha shemeji kiache huko huko kwa shemeji. Australia wakiwa na mashaka juu ya nani amezaa nani wanaweza kuomba kipimo cha DNA, na karatasi ya uongo ikionekana haiangushi faili ya huyo mtoto peke yake, inaweza kuangusha yenu wote. Hata visa iliyokwisha kutolewa inaweza kufutwa baadaye kwa sababu ya maelezo yasiyo ya kweli. Mwambie bwana yako aandike sasa hivi, kabla visa hazijatoka, aseme ukweli ulivyo: kuna mtoto wa marehemu dada ya mke wangu, analelewa nyumbani kwetu, alisahauliwa. Wewe huku kusanya cheti cha kifo cha dada yako, buletini (ripoti) za shule zenye jina lako mahali pa mzazi, na uende mahakama ya watoto upate uamuzi wa malezi. Baba yake mzazi kama yuko hai, hata kama hajawahi kununua daftari moja, idhini yake kwa maandishi itatakiwa. Sikuahidi kwamba watamkubali. Ninachojua ni kwamba mtoto asiyeandikwa kabla ya visa kutoka ni mgumu sana kumvuta baadaye.

Dola 800: usitoe. Maombi ya visa hiyo mnayoombewa na ndugu aliye kule hayana ada. Gharama inayoweza kubaki kwenu ni tiketi za ndege, bwana yako aulize nani anazilipa kwa aina ya visa mtakayopewa. Kama mtajilipia, hizo 800 ni mwanzo wa tiketi ya mtoto mmoja. Bwana yako akitaka msaada wa sheria, kule zipo ofisi za wanasheria wanaosaidia wakimbizi bila malipo, aulize.

Sasa habari ya watoto kuzoea. Watazoea. Kitakachokusumbua ni kwamba watazoea haraka kuliko wewe. Acha nikusimulie yangu, maana umetaja mji nilioishi miaka kumi.

Nilifika Shepparton Julai 2009 na binti wa miaka 7 na mapacha wa miaka 2. Ni mji wa mashamba ya peasi na tofaa, karibu kilomita 180 kaskazini mwa Melbourne. Serikali ilikuwa imeleta familia za kwanza za Wakongomani pale mwaka 2005, kujaribu kama wakimbizi wanaweza kukaa mji mdogo badala ya kurundikana miji mikubwa, kwa hiyo tulikuta watu wa kutusalimia "jambo". Julai kule ni katikati ya baridi. Asubuhi ya kwanza majani yalikuwa meupe kwa barafu, binti akauliza nani amemwaga unga wote ule na kwa nini mama yake hampigi.

Mtu mzima anayefika na visa kama yako anapewa masomo ya Kiingereza bure, na watoto wadogo wanatunzwa wakati mama yuko kalasini. Mimi nikasema mapacha bado wadogo, nitaanza mwakani. Mama, usifanye hivyo! Anza wiki ile ile watakayokuita, hata kama kichwa bado kinazunguka kwa safari. Kwa sababu mimi nilipochelewa, binti alinipita. Ndani ya miezi sita alikuwa anaongea na mwalimu, na jirani, na mtu wa umeme. Nikaanza kumtuma. Jibu simu. Soma hii barua. Mwulize bei. Nilijisifu hata kwa wenzangu kanisani: mimi nina mkalimani wa nyumbani.

Siku moja akarudi na kikaratasi cha shule. Nikamuuliza kinasema nini. Akasema, "Mwalimu anasema asante kwa chakula kizuri." Nikafurahi, kesho nikamwongezea karanga za kukaanga, konzi mbili. Wiki hiyo shule ikapiga simu mara mbili, naye alijibu yeye. Kumbe kikaratasi kilisema tusilete karanga kabisa, kuna mtoto kalasini ambaye karanga zinaweza kumuua. Binti alijua. Aliogopa nitaona aibu, na pia, alikiri baadaye, alizipenda zile karanga.

Hilo tulilicheka. La pili hatukulicheka.

Mwaka 2010 mimba yangu ya miezi mitatu ilitoka. Bwana alikuwa shambani, mapacha nikawaacha kwa jirani Mkongomani, nikaenda kliniki na mdomo wangu, yaani binti. Alikaa kwenye kiti kirefu, miguu haigusi chini, sare ya shule bado mwilini. Daktari aliongea polepole, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Binti alinyamaza muda mrefu anaangalia viatu vyake. Halafu akasema, "Mama, anasema mtoto hayupo tena." Akageuka kuniuliza mimi, kwa sauti ndogo: "Mtoto gani?"

Sikuwa nimemwambia kwamba nina mimba. Alikuwa na miaka 8, umri wa binti yako.

Siku ile nesi alinipa kikadi chenye namba 131 450. Andika namba hiyo leo, uitie katika pasipoti. Ni huduma ya serikali ya wakalimani kwa simu, usiku na mchana. Unapiga, unataja lugha yako, unangoja, na sauti ya mtu anayesema Kiswahili inaingia katikati yako na ofisi. Daktari anaweza kumwita mkalimani huyo bila wewe kulipa senti. Shule pia, ukiwaambia unamhitaji. Kliniki ile ilipaswa kufanya hivyo kabla mimi sijafungua mdomo, nami mpaka leo sijawasamehe vizuri. Lakini mimi ndiye niliyemleta mtoto mlangoni. Ukifika kokote penye kuandikwa jina lako, sema kwanza: mkalimani. Dharura ni 000, na hapo pia sema "Swahili".

Binti wa 8 na mtoto wa 11 watawekwa kalasi ya wenye umri wao, hata kama hawajui neno. Kule mtoto harudii mwaka kama huku, wala hukuti minervali, yaani ada ya shule, ya kumfukuzisha mtoto mlangoni. Shule ya serikali ni bure kwenu, ila sare na vitu vidogo vidogo mnanunua. Mwaka wa shule unaanza mwisho wa Januari na kufungwa Desemba. Mdogo ataanza chekechea, kisha akifika miaka 5 kalasi ya kwanza ya msingi, ambayo katika jimbo lile wanaiita Prep. Mnunulie kofia pana. Miezi ya jua, asiye na kofia hachezi nje na wenzake, na jua la Shepparton mwezi wa Januari halina uhusiano na hili letu la ziwani. Linafika digrii 40.

Chakula cha mchana wanatoka nacho nyumbani, kwenye kikopo. Usianze na bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kama mimi. Wenzake binti yangu walishika pua, akakitupa, akarudi na njaa siku nne bila kuniambia. Wali, chapati, ndizi, yai. Sambaza wale jioni.

Kiti cha gari ni sheria: mtoto chini ya miaka 7 hakai kwenye gari bila kiti chake, na mgongoni mwa mama hapahesabiki. Bwana yako akinunue kabla hajaja kuwapokea. Na magari yanapita kushoto. Ukivuka, tazama kulia kwanza. Wiki ya kwanza shika mikono ya wote watatu.

Habari ya kofi. Walimu na madaktari wanalazimishwa na sheria kutoa taarifa wakidhani mtoto anaumizwa. Basi fimbo iache Kadutu. Ila hakuna aliyenyang'anywa mtoto kwa sababu alimwambia aoshe vyombo, au alimnyima simu. Watoto wako watakutisha na polisi, wangu walinitisha. Nikawaambia pigeni, mkalimani atanieleza wanachosema. Hawakupiga. Kilichonishinda zaidi ni kingine: huku nikitoka kwenda sokoni watoto wanabaki na mkubwa wao, na mtaa mzima unawaangalia. Kule kumwachia wa miaka 8 nyumba na mdogo wake kunaweza kukuletea kesi. Na mtaa uko kimya. Hakuna jirani atakayemkemea mwanao, wala atakayekuambia amemwona wapi. Hilo lilinichosha kuliko baridi. Jiunge na mama wengine mapema, mpeane zamu.

Kiswahili kitawatoka kama hukukilinda. Sisi tulikuwa na sharti moja: Kiingereza kinavuliwa mlangoni pamoja na viatu. Na Jumapili jioni kuongea na bibi. Kule mko mbele ya Bukavu kwa saa 8, na kuanzia Oktoba saa 9, kwa hiyo jioni yenu ni asubuhi ya huku.

Kubeba: kadi za chanjo za watoto wote, kwanza kabisa. Bila chanjo kuonekana, posho za watoto zinaweza kupunguzwa na chekechea inaweza kumkataa mdogo. Karatasi ya njano ya homa ya manjano kwa kila mmoja. Sombe, majani ya muhogo, utaikuta imegandishwa katika maduka ya Waafrika Melbourne, na lengalenga (mchicha) inakubali ukiipanda Novemba nyuma ya nyumba. Muhogo nilijaribu, baridi ya Juni ikaua mashina yote. Chakula chochote, mbegu, au kitu cha mti, kwenye fomu ya uwanja wa ndege jibu "ndiyo". Wanaojibu "hapana" ndio wanaotozwa faini. Mimi nilijibu ndiyo. Maharage yangu ya mbegu, kilo mbili kutoka Kabare, wakayachukua. Mwiko wakaugeuza mara tatu kutafuta tundu la mdudu, wakanirudishia. Ulirudi nami Bukavu mwaka 2019, nimesongea bugali nao leo mchana.

Niandikie ukipata jibu la mtoto wa dada yako.