Jibu: Kushea mafaili na printa kati ya Ubuntu na Windows

Mkuu umeuliza kama hiyo kompyuta ya Ubuntu hapo steshenari kwako Kariakoo inaweza kuzipa mafaili na printa laptopu mbili za Windows bila kuzungusha flashi. Inawezekana kabisa na hulipii hata senti, weka Samba. Ni programu huria, aliianzisha Andrew Tridgell kule Australia mwanzoni mwa miaka ya 90, kazi yake ni kuongea SMB ambayo ndo Windows inatumia kushea vitu kwenye netiweki, kwa hiyo laptopu zitaiona Ubuntu kama Windows mwenzao.

Sasa ile ya Windows kukataa paswedi ukijaribu kuingia kwenye Ubuntu ndo inakwamisha wengi. Paswedi unayoingilia Ubuntu, Samba haiijui, yenyewe ina orodha yake. Kwenye terminal ya Ubuntu (dirisha la kuandikia amri) andika sudo smbpasswd -a halafu jina la yuza ambaye tayari yupo kwenye Ubuntu, weka paswedi, kisha kwenye Windows ingia kwa jina hilohilo. Folda ya kushea unaitaja ndani ya faili la mipangilio ya Samba, /etc/samba/smb.conf, ukimaliza piga testparm kwanza ikukagulie makosa ndo uristati smbd, yaani huduma ya Samba yenyewe.

Printa haisumbui, ikishachapa vizuri kwenye Ubuntu kupitia CUPS (mfumo wake wa kuchapa) basi Samba inaichukua hapohapo, ila kila laptopu iwekee draiva yake.

Na mtu akikwambia uwashe SMB1, toleo la zamani la SMB, tafadhali kataa, kirusi cha WannaCry cha 2017 kilipitia humo na hayo ni mafaili ya wateja wako. Samba yenyewe imeizima tangu toleo la 4.11.

Ikigoma tena bandika hapa smb.conf yako tuicheki.