Namna ya kulinda zamu ya mwanamke kikaoni

Katibu wa kikao hukaa mahali pazuri pa kuliona jambo ambalo wazungumzaji wenyewe hawalioni, kwa sababu kazi yake ni kuandika nani kasema nini, na hawezi kuandika hoja ambayo haikumalizwa. Nimeshika ukatibu kwa miaka mingi, katika chama cha kuweka na kukopa, katika kamati ya shule na katika kamati ya ujenzi wa zahanati ya mtaa, na baadaye nikaanza kualikwa kuongoza mijadala ya hadhara ambayo mingine ilirushwa redioni. Madaftari yangu ya rasimu yamejaa sentensi zilizokatika katikati, na nyingi kati yake zilianzwa na wanawake. Ninayoandika hapa ni ushauri kwa yeyote anayeongoza kikao au anayekaa ndani yake, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kumwambia mwanamke apaze sauti hakusaidii sana, bali kinachosaidia ni utaratibu wa kikao unaosimamiwa na mwenyekiti asiyeona haya kuutumia.

Kabla ya kumlaumu mtu ni lazima tutofautishe mambo. Si kila anayesema wakati mwenzake anasema huwa anamkatiza. Wakikaa wanawake wa pwani wakisimuliana habari za harusi, utasikia "ehee", "makubwa!" na "na yeye akajibuje?" zikipishana na maneno ya msimulizi bila kukoma, na siku msimulizi huyo akikuta kimya ndipo atakapouliza kama anasikilizwa. Huko ni kumsindikiza mzungumzaji. Deborah Tannen, mtaalamu wa isimu wa Marekani, alilionyesha jambo hilihili alipochambua mazungumzo ya marafiki waliokula pamoja: kwa waliotoka New York kuingiliana kwa maneno kulikuwa dalili ya kunogewa na habari, ilhali wenzao wa California walijiona wananyimwa nafasi. Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: maneno yakishaingiliana, ni mada ya nani inayoendelea? Kama msimulizi bado yuko kwenye habari yake, hakukatizwa. Kama mada imehama, au yule wa kwanza amenyamaza na hakurudi tena, amekatizwa, hata kama aliyedakia alitanguliza "samahani kidogo". Na iko aina ya tatu ambayo naiona mbaya kuliko ya pili, kwa kuwa huja kwa adabu na hivyo hakuna anayeikemea: "Anachotaka kusema mama hapa, Mwenyekiti, ni kwamba..." Mama alikuwa anajua anachotaka kusema, na mara nyingi sicho hicho alichosemewa.

Wanaolipuuza suala hili husema ni hisia tu za wanawake, na wanaolikuza hunukuu utafiti mmoja wa zamani, kwa hiyo ni vema kuzijua pande zote. Mwaka 1975 Don Zimmerman na Candace West walichapisha uchambuzi wa mazungumzo 31 ya watu wawiliwawili waliyoyarekodi huko California. Katika mazungumzo 11 yaliyokuwa ya mwanamume na mwanamke, walihesabu mara 48 ambapo mmoja alimkatiza mwenzake, na mara 46 kati ya hizo aliyekatiza alikuwa mwanamume. Hesabu hiyo imesambaa kila mahali. Lakini Geoffrey Beattie wa Uingereza alitoa hoja kwamba katika sampuli ndogo namna hiyo, mwanamume mmoja mwenye mdomo anatosha kupotosha matokeo yote, na yeye mwenyewe alipochunguza majadiliano ya wanafunzi wa chuo hakuona tofauti ya maana. Mwaka 1998 Kristin Anderson na Campbell Leaper waliunganisha matokeo ya tafiti 43, wakakuta kwamba kwa jumla wanaume huzidi kidogo tu, ila tofauti inaongezeka unapohesabu zile nyakati za kumnyang'anya mwenzako zamu peke yake, na inaongezeka pia wazungumzaji wanapozidi wawili. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayonihusu, kwa sababu kikao ni mazungumzo ya watu wengi, na kunyang'anywa zamu ndiko ninakokuona kwenye daftari langu. Na wanawake nao wasijitoe kwenye lawama: Adrienne Hancock na Benjamin Rubin, katika utafiti wa watu 40 uliochapishwa mwaka 2015, waligundua kwamba wanaume kwa wanawake, wote walimkatiza zaidi mwenzao alipokuwa mwanamke.

Katika vikao vyetu umri nao una neno. Bibi wa miaka sabini anaweza kumkata kauli diwani na diwani akanyamaza, na kijana wa kiume aliyemaliza chuo juzi hudakiwa na wazee karibu sawa na dada zake. Anayeumia zaidi ni mwanamke ambaye hajafikia umri wa kuitwa bibi, hata awe ndiye mtaalamu wa jambo linalojadiliwa.

Mfano ulionishawishi kuliko yote unatoka mbali, kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako majaji humhoji wakili kwa zamu zisizopangwa. Mwaka 2017 Tonja Jacobi na Dylan Schweers wa Chuo Kikuu cha Northwestern walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za maneno yaliyosemwa mahakamani humo. Katika msimu wa mwaka 2015, majaji wanawake wakiwa watatu tu, asilimia 65.9 ya kukatizwa kote kwa majaji kuliwaangukia wao. Waliokatiza si majaji wenzao pekee. Walikuwamo hata mawakili, ambao mwongozo wa mahakama unawataka wanyamaze mara jaji anapofungua kinywa. Watafiti hao waliona pia kwamba majaji wanawake, kadiri walivyokaa mahakamani, waliacha polepole maneno ya utangulizi kama vile "samahani" na "naomba kuuliza", kwa maana hapo kwenye utangulizi ndipo walipokuwa wakidakiwa. Nawaomba wale wanaotuandalia semina za kujiamini wautafakari ukweli huu. Jaji wa mahakama hiyo hana upungufu wa elimu, wala wa cheo, wala wa ujasiri, na bado alikatizwa. Kilichobadilishwa hatimaye ni kanuni: mahakama iliporudi kusikiliza mashauri ana kwa ana mwezi Oktoba 2021, iliweka utaratibu kwamba baada ya maswali ya kawaida kila jaji apewe nafasi ya kuuliza peke yake kwa kufuata ukongwe. Jaji Sonia Sotomayor wa mahakama hiyo alieleza hadharani kwamba tafiti za kukatizwa zilichangia badiliko hilo.

Nililiona hilohilo kwa kiwango chetu. Mhazini wa chama chetu cha kuweka na kukopa alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, mwenye sauti ya chini, aliyesoma taarifa ya fedha mstari kwa mstari huku akifuatisha kwa kalamu. Kila alipokikaribia kifungu cha mikopo iliyopitiliza muda wa marejesho, mjumbe mmoja alikohoa na kusema, "Mama mhazini, hapo tunapajua, tufupishe, jua linatuwakia," na mwenyekiti, ambaye ni mtu mpole, alicheka na kumwomba asonge mbele. Wapo waliomshauri mama yule awe mkali. Hakuwa mkali, na sioni kwa nini ilimpasa awe. Alipochaguliwa mwenyekiti mwingine, aliweka kanuni moja isiyomtaja mtu: taarifa itasomwa hadi mwisho, na mwenye swali ataandika jina kwa katibu. Kikao cha kwanza chini ya kanuni hiyo, mama alikisoma kifungu kizima, jina la mkopaji mmoja baada ya mwingine pamoja na kiasi anachodaiwa, kwa sauti ileile ya chini, na yule bwana wa "tufupishe" alikuwa wa tatu kwenye orodha hiyo ya wadaiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa namwelekezea mwenyekiti. Itangaze kanuni ya kuzungumza mwanzoni, kabla hajakatizwa mtu, kwani ukiitangaza baada ya tukio itaonekana umemtetea fulani dhidi ya fulani. Weka orodha ya wazungumzaji na uifuate hadi mwisho. Kunyoosha mkono peke yake hakutoshi, maana mwenyekiti huuona haraka mkono wa mtu anayemjua. Zamu ya mtu ikikatizwa, irudishe papo hapo kwa maneno machache yasiyo na hasira: "Ndugu mjumbe, subiri; mwenzako hajamaliza." Ukingoja dakika mbili, mada itakuwa imeshahama, na kuirudisha kutaonekana usumbufu. Tena waite wajumbe wote kwa namna moja. Ukimwita mmoja "Mheshimiwa", mwingine "Daktari", halafu daktari wa kike ukamwita "dada yetu", umeshawaonyesha wajumbe ni nani anayeweza kudakiwa.

Anayetaka kuona jinsi kanuni inavyoweza kuruhusu kukatiza bila kumnyang'anya mtu nafasi yake na asikilize Bunge la Tanzania. Mbunge anayetaka kumwingilia mwenzake husimama na kuomba kutoa taarifa, au kueleza kuhusu utaratibu. Spika akiruhusu, anayechangia huketi, taarifa hutolewa, kisha yeye huulizwa kama anaipokea. Ndiyo maana utamsikia mbunge akisema, "Mheshimiwa Spika, naomba unilindie muda wangu." Sisemi kwamba utaratibu huo hautumiwi vibaya, kwani kila msikilizaji wa redio amewahi kusikia taarifa ambayo haikuwa na la kuarifu. Lakini una mambo mawili ambayo vikao vyetu vya mtaani havina: anayekatiza lazima aombe ruhusa kwa mtu wa tatu, na aliyekatizwa hurudishiwa zamu bila kuipigania. Katika kamati ya zahanati tuliyachukua hayo mawili tukaacha makeke mengine, na kikao hakikurefuka kama ilivyohofiwa.

Kwa mijadala ya redioni na jukwaani nina machache. Kubaliana na wageni kabla ya kuanza kwamba kila mmoja ana muda wake, na umweke mtu wa kuupima kwa saa, kwa maana makisio ya mwongozaji hayaaminiki. Mwanamke akisema nusu ya muda wa mwenzake, ukumbi huondoka ukiamini walisema sawa, na mara kadhaa saa ilinionyesha hivyo. Fundi mitambo naye aelezwe mapema kwamba ukisema "zamu si yako", kipaza sauti cha aliyedakia kishushwe. Hapo hakuna haja ya kugombana na mtu hewani.

Kwa yule anayekatizwa, nina ushauri wa kumpunguzia hasara tu, maana nimeshasema ninapoona pa kurekebisha. Beattie niliyemtaja, akishirikiana na wenzake, mwaka 1982 alichapisha uchambuzi wa mahojiano ya Margaret Thatcher, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, akaonyesha kwamba mara nyingi alikatizwa kwa sababu sauti yake ilishuka mwishoni mwa kifungu kama ya mtu aliyemaliza, ilhali alikuwa bado. Kwa hiyo vuta pumzi katikati ya sentensi, si mwishoni. Tangaza idadi ya hoja zako unapoanza: "Mwenyekiti, nina mambo mawili." Aliyetangaza mawili akidakiwa baada ya la kwanza, kila mtu anajua anadaiwa la pili. Ukidakiwa, usianze kueleza kwamba umedakiwa. Sema "nimalizie" na uendelee palepale ulipoachia. Kamala Harris, katika mdahalo wa wagombea wenza wa urais wa Marekani wa tarehe 7 Oktoba 2020, alimwambia Mike Pence kwa utulivu kwamba bado alikuwa anazungumza, kisha akaendelea.

Wanaume wanaotaka kusaidia wana kazi moja nyepesi ambayo wengi wao huigeuza kuwa hotuba. Usimtetee mwanamke kwa kuieleza upya hoja yake, kwani hapo umefanya lilelile la "anachotaka kusema mama". Sema tu, "Mwenyekiti, mjumbe hakumaliza," kisha unyamaze kabisa.

Makatibu wenzangu nawakumbusha kuhusu muhtasari. Hoja ikitolewa na mwanamke kwenye ajenda ya tatu, ikapita kimya, kisha mwanamume akaitamka kwenye mengineyo na kupigiwa makofi, andika jina la aliyeitoa kwanza, na huyo wa pili uandike kwamba aliunga mkono. Utaulizwa wakati wa kuthibitisha muhtasari, na pengine utaombwa urekebishe. Fungua daftari la rasimu, soma mstari wenyewe na ajenda iliyokuwa ikijadiliwa, kisha wajumbe waamue kama wanaithibitisha au la.