Ukitaka kioo kitulie, kining'inize

Wanafunzi wakishasoma habari za LIGO, mitambo ya leza inayonasa mawimbi ya graviti kutoka anga za mbali, hutaka kujaribu wenyewe: leza ndogo, vioo viwili, kioo cha kugawa mwanga, na ile mistari ya mwanga na giza ukutani. Fuso likipita barabarani, mistari yote inavurugika. Hapo huniomba meza ya chuma iliyofungwa boliti sakafuni. Huwa nawakatalia. Meza ya namna hiyo hutikisika sawasawa na sakafu.

Badala yake nawapa uzi wa mita moja na nati nzito. Sogeza mkono polepole, nati inaufuata. Utikise harakaharaka, nati inabaki palepale. Pendulamu hiyo hubembea mara moja kila sekunde 2 hivi, na mtetemo wa mara 10 kwa sekunde hufika chini ukiwa umepungua takriban mara 400. Tundika pendulamu nyingine chini yake, na punguzo linazidishwa kwa punguzo.

Ndivyo ilivyo kwenye vituo viwili vya LIGO, Hanford na Livingston, Marekani. Kila kioo kikuu kina kilo 40, kiko ngazi ya nne ya pendulamu, kimeshikwa na nyuzi za glasi ya silika zenye unene wa karibu milimita 0.4. Juu yake kuna majukwaa yenye vihisi vinavyosikia ardhi ikisogea na mota zinazosukuma kinyume. Bila hayo, wimbi la graviti la tarehe 14 Septemba 2015 lisingeonekana: lilibadilisha mikono ya LIGO, yaani njia za leza za kilomita 4 kati ya vioo, kwa urefu mdogo kuliko protoni mara mamia. Virgo, mtambo wa aina hiyo karibu na Pisa, Italia, wana mnyororo wa pendulamu mrefu zaidi. Wajapani, kwa mtambo wao wa KAGRA, waliamua kuingia chini ya mlima kabisa.

Pendulamu ina ubaya wake, na wengi hunasa hapa. Mtetemo unaolingana na mbembeo wake haupungui, unakua. Weka kipande cha shaba kwenye kitu kinachobembea, na sumaku kali karibu yake bila kugusana. Mbembeo utakufa haraka. LIGO hutuliza mbembeo kwa vihisi kwenye ngazi za juu, ili kelele za vihisi zichujwe kabla ya kufika kwenye kioo.

Kwa meza ya darasani, chukua tyubu za pikipiki, zijaze upepo kidogo tu, ziwe laini, kisha laza juu yake bamba zito la zege. Vioo vyote vikae kwenye bamba hilohilo. Walio Tanga au Mombasa huniuliza kuhusu bahari, maana mawimbi yake hutikisa ardhi polepole, kila baada ya sekunde kadhaa, na tyubu haiwezi kuzuia mwendo huo. Kwenu si tatizo: bamba likisogea, vioo vinasogea pamoja. Wanaoteseka ni wenye vioo vilivyoachana kilomita 4.

Halafu kagua waya. Waya mgumu wa leza ukitoka mezani moja kwa moja hadi ukutani hubeba mtetemo wote ulioukwepa kwa tyubu. Tumia mwembamba, uuache ulegee. Zima feni, funika kila kitu kwa boksi. Hanford waliwahi kusumbuliwa na kunguru waliokuwa wakidonoa barafu kwenye bomba la nje, ikabidi bomba lifunikwe. Kwa hiyo mistari ikiendelea kucheza, usinunue kitu bado; toka nje usikilize nani anagonga.