Kabla ya kumlaumu mwalimu, tazama mwezi

Nilikaa miaka mitatu kwenye kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu, upande wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, kikao kilikuwa kilekile: wazazi tunafoka, walimu wanainamisha vichwa, mtendaji anasema "tutalifanyia kazi".

Siku moja nikaomba madaftari ya mahudhurio. Utoro haukutapakaa hovyo. Ulikuja kwa mafungu: siku kumi hivi zimejaa alama, kisha panatulia. Mzee mmoja mvuvi akachungulia begani kwangu, akacheka. "Si giza hilo?"

Ndilo. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Mitumbwi ikirudi alfajiri lazima waanikwe upesi, na mikono ya bei rahisi ni ya watoto. Nikatafuta jina la binti yangu wa darasa la nne. Siku tisa. Mimi ndiye niliyemtuma kwenye chanja za mama yake mdogo.

Basi ninyi wa kamati za shule za mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, anzeni na daftari. Mkijua giza linaingia lini, mtajua wiki ya kuwafuata wenye mitumbwi. Nasema wenye mitumbwi, maana mama anayeanika kwa kibarua hana sauti. Sisi tulikubaliana nao kwamba ikifika saa moja asubuhi mtoto asionekane mwaloni. Wapo waliogoma, mmoja wao mjumbe mwenzangu.

Halafu uji. Mpango mpya wa serikali ulipoanza 2016 darasa la kwanza lilifurika, ila wengi tulisikia "elimu bila ada" tukaelewa "bila chochote". Chakula cha mtoto bado ni juu yetu. Msidai fedha mvuvi akiwa amekaa bure; ombeni ndoo ya dagaa wakati wa giza, iuzwe, yanunuliwe mahindi. Ndoo hutoka bila ugomvi. Fedha taslimu, mtazungushwa hadi mwaka uishe.

Na mnapoandikisha, ulizeni familia huhamia kambi ipi samaki wakipungua. Mtoto akiondoka bila uhamisho, jina linabaki kwenu likihesabiwa mtoro, na kisiwani alikokwenda anasumbuka kupokelewa.

Binti yangu sasa yuko darasa la sita. Juzi kanikumbusha kwamba giza linaanza Jumatatu, na kwamba dagaa wa mama mdogo safari hii nitaanika mimi.